Chuma Katika Tanuri la Mkate

Nilipoulizwa kama tanuri la mke wangu lingeweza kuokea vyuma, nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na nilikuwa nalo mdomoni. Badala yake nilisema, "Tutaona." Mtu akisema tutaona mbele ya mwenye ardhi anayoikalia, ujue amekwisha kukubali.

Aliyeniuliza alikuwa mwenye boti. Ilikuwa boti ya mbao yenye mashine ya dizeli katikati, na ilichukua wageni kwenda kuangalia papa potwe, wale wakubwa wapole, mbele ya Kilindoni kisiwani kwetu msimu wao unapofika. Mashine ilitembea vizuri, tatizo lake lilikuwa sura. Chumvi ilikuwa imeitafuna mpaka ikawa kama jiwe la ufukweni, na wageni hukaa pembeni yake, wanaipiga picha. Tena kuna mtu aliyekuwa ameipaka rangi ya mafuta ya kawaida kila mahali, hata kwenye bomba la moshi, na kila safari rangi ile ilikuwa inaungua na kuwafukiza watu. Mwenye boti alitaka rangi inayostahimili moto, ile ya silva. Aliagiza kopo kutoka Dar es Salaam, akaniletea mwenyewe.

"Ami, hii nataka ing'ae," aliniambia. "Mgeni akiona mashine chafu, anaanza kuuliza koti la kujiokolea liko wapi."

Alikuwa kijana kuliko watoto wangu wa kwanza. Babu yake mzaa baba alitoka upande wa Uarabuni, na familia yao ina minazi mingi kuanzia Miburani mpaka karibu na Baleni. Nyumba yangu iko juu ya ardhi yao. Makumbi na vifuu ambavyo mke wangu alikuwa anachomea tanuri lake vilitoka chini ya minazi yao, na hakuna siku waliyotuuliza habari ya makumbi. Sisemi haya ili nijitetee. Nayasema ili ieleweke kwa nini hapana ilikuwa nzito kinywani. Alikuwa mtu mwepesi, angecheka tu na kutafuta njia nyingine. Uzito ulikuwa wangu mimi.

Kazi yangu ni kupaka rangi. Nilimaliza kidato cha nne nikitegemea kwenda mbele, sikwenda, nikaanza kupaka maboti, baadaye mashine zake. Rangi ya moto ina tabia zake. Kwanza unaondoa kutu yote kwa brashi ya waya na msasa, unafuta mafuta kwa tina, ile dawa kali ya kuyeyusha rangi, mpaka tambara litoke jeupe. Unapaka nyembamba, unasubiri, unapaka tena. Ukimaliza, bado haijawa rangi. Ukiigusa haishiki kidoleni, lakini ukucha unaikwangua. Inakuwa rangi ikishapashwa moto polepole na kuachwa ipoe, kisha moto zaidi. Hapo ndipo inashikana na chuma, na hata nyundo haiibandui.

Siku zote moto huo niliupata kwenye mashine yenyewe. Tunaiwasha kidogo, tunaizima, tunaiwasha tena. Safari ile mashine ilikuwa imefunguliwa, giaboksi inasubiri kipuri kutoka ng'ambo ya pili, na wageni walikuwa njiani. Mwenye boti hakutaka vyuma vilivyopakwa vikae kwenye upepo wa chumvi vikiwa vibichi. Alisimama uani kwangu, akaangalia tanuri, akasema, "Kwani moto si huu hapa, ami?"

Mke wangu alikuwa anapika mkate wa mofa. Kwa asiyeujua, ni mkate wa mtama, mnene kidogo, wenye chumvi na bizari nyembamba. Tanuri lake si la sinia wala la rafu. Ni jungu kubwa la udongo lililozungushiwa ukuta wa udongo wa kichuguu, mdomo uko juu. Unawasha moto chini mpaka jungu liwe jekundu, moto ukishatulia unachukua donge la mtama mkononi, unaingiza mkono ndani na kulibandika ukutani. Mkate unaiva ukiwa umeshikilia udongo, na ukitoka, mgongo wake una alama ya ukuta. Jungu lile lilikuwa la mama yake. Walioyafinyanga majungu ya namna hiyo wamekwisha kufa na hawakumwachia mtu kazi yao. Mwezi wa Ramadhani watu walituma watoto wao kununua kuanzia alasiri, na hata wavuvi wa kuja, wale wa dago wanaopiga kambi ufukweni, walikuwa wanamjua kwa jina la Mama Mofa.

Mimi ndiye niliyeomba aende Ndagoni? Hapana, hilo sikulifanya. Binti wa dada yake alikuwa amejifungua, mke wangu na dada yake huyo wakaenda kule kumlea mzazi. Walipakiana kwenye pikipiki mbili na kapu la mikate, dada yake mkubwa nyuma anapiga kelele, "Dereva, taratibu, nimebeba mifupa ya zamani!" Hiyo ilikuwa Shaabani, Ramadhani iko karibu. Nikabaki na kopo na manifoldi, kile chuma kinachokusanya moshi wa mashine, na kipande cha bomba lake, na nyumba tupu.

Kopo lilikuwa na maandishi ya Kiingereza. Katika mtaa wetu wa wakati ule, anayeweza kuyasoma maandishi kama yale bila kubabaika nilikuwa mimi. Niliyasoma yote. Yalisema vipimo vya moto, yalisema pafunguliwe madirisha, na yalisema chombo cha kupikia chakula kisitumike kuokea rangi hii. Nililisoma neno hilo nikalielewa. Nikajiambia kwamba wazungu huandika kila kitu kwa kuogopa kushtakiwa, na kwamba moto wa makumbi unasafisha uchafu wa kila aina.

Niliviweka vyuma vining'inie kwa waya kwenye nondo iliyolala juu ya mdomo wa jungu, nikafunika kwa bati. Moshi uliotoka haukuwa wa makumbi. Ulikuwa mkali, mtamu kidogo, unaingia machoni. Nilipofunua, vyuma vilikuwa vizuri sana. Sijawahi kupata kazi nzuri kama ile. Lakini nilikuwa nimepaka nzito chini ya shingo ya manifoldi, mahali brashi isipofika vizuri, na rangi ilikuwa imetona. Kulikuwa na michirizi ya silva kwenye ukuta wa jungu, na weusi wa mafuta umetanda juu yake kama jasho.

Hapo nilifanya jambo ambalo fundi wa rangi peke yake angelifanya. Mpishi angekwangua, au angepiga lipu mpya ya udongo, au angelichoma jungu tupu siku baada ya siku. Mimi nilichukua tambara na tina. Nilisugua ule udongo kama ninavyosugua chuma. Michirizi iliondoka yote. Jungu lilionekana safi kuliko nilivyolikuta, nikaridhika. Chuma hakinywi tina. Udongo unakunywa. Nilijua hilo kama ninavyojua kwamba mtungi unatoa jasho, ila siku ile sikulikumbuka.

Mwenye boti alichukua vyuma vyake, akavibusu. "Ami, wewe mchawi," akasema.

Mke wangu alirudi na furaha ya mtoto mchanga. Akawasha tanuri, akabandika mikate ya kwanza, akapeleka kama kawaida. Jioni jirani akaja na sahani imefunikwa, anaangalia chini. Akasema, "Samahani mama, leo labda mtama ulikaa karibu na kitu." Hakutaka arudishiwe chochote. Kesho yake wavuvi wa dago wakamtania sokoni.

"Mama Mofa, leo umetia dizeli?"

"Acheni utani wenu."

"Si utani. Mimi nimekula miwili, nikikaa kwenye ngalawa nafika Kilwa bila tanga!"

Walicheka wote, na yeye akacheka nao. Kisha akarudi nyumbani, akamega mkate, akaunusa, akaniletea.

"Wewe unasikia nini? Mimi puani mwangu kila kitu kinanuka rangi, kwa sababu yako. Nimezoea, siwezi kujua."

Nilimega. Nilisikia tina kabla sijafikisha mdomoni.

"Sijui," nikasema. "Labda mtama."

"Hukuweka kopo lako karibu na mtama wangu?"

"Wallahi, kopo langu halikuukaribia mtama wako."

Na kweli halikuukaribia. Niliapa kwa jambo la kweli ili nifiche jambo la kweli. Angeniuliza kuhusu jungu, sijui ningejibu nini, lakini hakuniuliza, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kufikiri kwamba mumewe ameoka mashine ndani ya tanuri la marehemu mama yake.

Akamwaga mtama wote akawapa kuku, akanunua mwingine. Harufu ikabaki. Akabadilisha maji, akabadilisha makumbi. Ikapungua kidogo, jungu likipata moto sana inarudi. Watu waliacha kidogo kidogo, bila ugomvi, kwa adabu ya kwetu: mtoto haji leo, kesho anaonekana amebeba mkate wa nailoni wa dukani. Ramadhani ikaingia, na mke wangu akakaa uani alasiri na mikate iliyofunikwa kitambaa, anaangalia njia.

Ilikuwa hapo alipokumbuka Ndagoni. Akanieleza akiwa anachambua mchele, sauti ya chini. Kule kwa mzazi, mbele ya wanawake wengi, dada yake alichukua mkate, akauinua juu, akasema, "Tazameni mikono ya mdogo wangu! Hakuna katika kisiwa hiki chote anayemfikia. Mwaka huu huyu atatuacha wote nyuma!" Hakusema mashaallah. Wanawake walitazamana. Mmoja alimkumbusha, yeye akacheka, akasema ndugu hana jicho kwa ndugu.

"Na tangu siku ile," mke wangu akasema, "mkate wangu haujawa mkate. Wewe umesoma. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote nilizopata kabla na baadaye. Tulikuwa wawili tu. Angenikasirikia, angenitukana, angelala kwa dada yake usiku mmoja au kumi, na mwisho tungetafuta udongo wa kichuguu tukapiga ukuta upya. Nikamwambia, "Allahu a'lam."

Mungu ndiye ajuaye. Nilimtaja Mungu ili nisitaje tanuri. Katika maisha yangu nimesema uongo mwingi wa kifundi, rangi itakauka kesho, brashi iko njiani. Huo wote nautia kapu moja. Lile neno nimeliweka peke yake.

Akamwita mwalimu wa madrasa aje asome. Mwalimu aliomba nishike chetezo, kwa sababu mwanamume wa nyumba ndiye anayefaa kushika. Nikazunguka tanuri na ubani, mwalimu anasoma, mke wangu amejifunika mtandio mpaka machoni anaitikia amina. Nilikuwa natazama ndani ya jungu. Chini kabisa, palipo na majivu, kulikuwa na tone la silva ambalo tambara langu halikulifikia. Nikalifukizia ubani.

Dada yake akaja siku za kumi la mwisho. Alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuja bila kubisha, kama siku zote.

"Mbona mwaka huu sijaona hata kipande? Au tajiri hatujui tena?"

Mke wangu hakuinuka. "Ungekula kwa mdomo gani, dada? Ule ule?"

"Ule upi?"

"Uliosifia Ndagoni."

Mimi nilikuwa pembeni napiga msasa kifuniko cha mashine ya mtu. Kisha dada yake akasema taratibu, "Mdogo wangu. Mimi nilikubeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Ningetaka kukula, ningekula ukiwa mdogo, ukiwa laini."

Angekuwa mtu mwingine angecheka. Mke wangu alikuwa analia.

"Niliambiwa niseme mashaallah, nikafanya mzaha, hilo kosa langu nalikubali," dada yake akasema. "Haya nasema sasa. Mashaallah, mara mia. Imetosha?" Akanigeukia. "Shemeji, wewe uliyesoma, mwambie mkeo. Mkate unaharibika kwa ulimi?"

Nikasema, "Mambo ya ndugu wawili mimi siingii."

Akanitazama. Sidhani alijua kitu. Alitazama tu kama mtu aliyeegemea ukuta akakuta ni pazia. Akaondoka, na jioni akatuma mjukuu na sahani ya futari, tambi za nazi, zimefunikwa kawa. Mke wangu akairudisha na kawa yake juu, hajaifunua. Kwetu sahani hairudi tupu, hata ukiwa huna kitu unaweka ndizi moja. Kurudisha sahani haijafunuliwa ni neno kubwa kuliko matusi, na mtaa mzima ulilisikia.

Harufu ilikwisha, kwa kweli. Sijui ni mwezi gani, lakini kuna siku alibandika mkate mmoja wa kujaribu na ukatoka mzuri. Hapakuwa na wa kuununua. Mkate wa dukani ulikuwa umeshazoeleka, na jina la Mama Mofa lilikuwa limeshakuwa mzaha wa dizeli. Akafunika jungu kwa bati, bati lile lile nililotumia mimi, akaweka jiwe juu. Alipokutana na dada yake njiani walipeana salamu kama watu wa safari. Nilidhani mambo kama hayo huchakaa yenyewe. Ilikuwa rahisi kwangu kudhani hivyo.

Mvua za masika zilizofuata, dada yake alianguka uani kwake na presha, hakuamka. Tuliambiwa asubuhi na mtoto aliyekuja mbio. Mke wangu alikwenda bila viatu.

Siku ya hitima watu walijaa. Mwenye boti alikuja na wazee wa kwao, akatoa pole kwa wanaume, kisha akapita mlangoni kwa wanawake kumpa pole mke wangu, maana alimheshimu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ndoo za maji ya kunawa, nikasikia kila neno.

"Pole sana, mama. Mungu amlaze pema."

"Amin, baba. Ahsante."

"Sijawahi kukushukuru uso kwa uso," akaendelea, kwa wema wake. "Lile tanuri lako liliniokoa. Vyuma alivyovioka mzee mule ndani mpaka leo rangi haijabanduka hata kidogo. Wageni wanadhani mashine mpya."

Mke wangu akamuuliza, bila kupandisha sauti, "Ilikuwa lini, baba?"

"Ile Shaabani, mama. Ulikuwa Ndagoni kwenye uzazi. Mzee hakukwambia?"

"Aliniambia," akasema. "Nilisahau."

Alinisitiri mbele ya watu. Nimekuwa nikilifikiri hilo mara nyingi kuliko jambo lingine lolote. Alikaa mpaka dua ya mwisho, akaosha vyombo pamoja na wanawake wengine, akawaaga wafiwa, na nyumbani hakupitia mlango wa mbele. Alikwenda moja kwa moja uani, akaondoa jiwe na bati, akainama ndani ya jungu. Alipoinuka alikuwa na lile tone la silva mkononi, amelibandua kwa kisu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulijua tangu mkate wa kwanza?"

"Nilijua."

"Na siku dada amesimama hapa?"

"Siku hiyo pia."

Nilitegemea kelele. Aliliweka lile tone juu ya ukingo wa tanuri kama mtu anayemrejeshea fundi kifaa chake. "Ungeniharibia majungu mia," akasema, "mimi ningekuwa na hasira za majungu. Uliniacha nimrudishie dada yangu chakula."

Nilimwomba radhi, si siku hiyo tu. Nilimwomba mbele ya watoto wetu waliokuja kutoka Dar es Salaam, na mbele ya binti wa dada yake wa Ndagoni, ambaye nilikwenda kumweleza yote mimi mwenyewe ili mama yake aondolewe lile jina la jicho. Mtaani pia nilisema. Wengine walicheka, wakadhani uzee umenipanda. Mke wangu alisubiri nimalize kusema yote, kisha akadai talaka yake, nami nikaitoa. Hakuhamia kwa watoto. Alihamia nyumba ya marehemu dada yake, ya tatu kutoka kwangu, analea mjukuu aliyeachwa pale.

Mwenye boti alinunua mashine mpya mwaka jana. Ile manifoldi ya zamani imetupwa nyuma ya banda langu, kwenye mchanga, mvua na chumvi vinaipata. Bado inang'aa. Wiki iliyopita nilijaribu kuikwangua kwa ukucha, haikukwanguka.

Nakutana na mke wangu wa zamani karibu kila siku, njia ni moja. Ananipa salamu, naitikia, anapita. Nimefika umri wa kutaja mambo kama yalivyo, basi nitaje. Kwa kukubali kuoka vyuma vile, na kunyamaza baadaye, nilimharibia mke wangu tanuri la mama yake na kazi ya mikono yake. Nilimfanya amsusie dada yake mpaka dada akafa bila hatia. Na mimi nimempoteza yeye. Yuko hai, yuko nyumba ya tatu, na hatarudi.